Mzungu akikwambia "I'd rather you didn't" ujue umeshakatazwa

Shuleni "prefer" na "would rather" tulizisoma kama hesabu. Unapewa sentensi, "I prefer tea to coffee", unaambiwa iandike upya ukianza na "I would rather", na we unachojua ni kwamba "to" inageuka "than", halafu unachomeka kitenzi kikavu kisicho na "to" mbele yake, umepata maksi yako unahamia swali linalofuata. Mi hizo nilikuwa sikosi kabisa. Ila mwalimu hakuwahi kutuambia mtu anakuwa na sura gani akisema hayo maneno, anayasema kwa nani, na usipomwelewa kinatokea nini. Hiyo nimekuja kuisomea kazini, na walionifundisha wengi wao wana miaka themanini na kitu, tisini na kitu.

Nafanya kea huku Uingereza, nyumba ya kulelea wazee, mji mdogo pembeni ya Sheffield, kaskazini huko ambako mtu anakuita "love" au "duck" hata jina lako halijui. Kazi yenyewe wengi mnaifahamu, kuamsha, kuosha, kuvisha, kulisha, kugeuza wasipate vidonda, na kuandika, kuandika, kuandika. Na katika kuandika huko kitu kikubwa kinachotakiwa ni huyu mzee anapendelea nini kuliko nini. Anapenda kuoga kwenye beseni au bomba la mvua, mapazia yafungwe au yaachwe, aitwe kwa jina la kwanza au "Mrs" nani, mlango uwe wazi usiku au ufungwe. Kila mtu ana faili lake na ndani ya faili kuna kurasa na kurasa za hayo.

Na usidhani ni ukarimu tu, ni sheria. Kuna ile Mental Capacity Act ya 2005, ya England na Wales, inasema mtu mzima achukuliwe kuwa ana uwezo wa kujiamulia mpaka ithibitike vinginevyo, na usiseme hana uwezo eti kwa sababu tu kaamua kitu ambacho we unakiona cha kipuuzi. Hata yule ambaye kumbukumbu zimeshamtoka, anayeamua kwa niaba yake analazimika kuangalia matakwa yake ya sasa na ya zamani. Wakaguzi wa Care Quality Commission wakija wanafungua mafaili wanakaa chini na wazee wanauliza, je unaulizwa unataka nini? Sasa mtu umetoka kwetu Tanga umezoea mgonjwa anaambiwa "kunywa uji bibi, kunywa, mara ya mwisho hii", mara ya mwisho ya kumi hiyo, unafika huku unaambiwa bibi akisema hataki uji basi hataki, andika saa ngapi, andika ulimpa nini badala yake, ukarudi baadaye kujaribu tena. Mwanzoni niliona kama kumtupa mtu. Siku hizi sioni hivyo, ingawa na kubembeleza kwetu sijakuacha moja kwa moja, nabembeleza kimya kimya.

Shida inaanzia hapa sasa. Sheria inataka niandike mzee anapenda nini, mzee mwenyewe hakulelewa kusema anapenda nini. Hawa wa rika hili wamekua chakula kikiwa cha mgao, mgao wa vita ulianza 1940 na haukuisha kabisa mpaka 1954, siagi kwa kuponi, sukari kwa kuponi, nyama kwa kuponi, mtoto anakula alichowekewa na anashukuru. Ndo maana, nadhani mimi, ukimuuliza bibi "chai au kahawa?" jibu la kwanza ni "I don't mind", na la pili ni "whatever's easiest, love". Chochote kilicho rahisi kwako. We mgeni unaamini, unampelekea kahawa kwa sababu birika la kahawa liko karibu, anakushukuru vizuri kabisa, "lovely", na ukirudi kuchukua kikombe kimejaa vilevile, kimepoa, kina utando juu.

Kwahiyo "I don't mind" usiichukulie kwamba hana anachopendelea. Mara nyingi anacho, anakuonea huruma tu au anaona aibu kukusumbua. Na hapa watu wa pwani tusijifanye hatulijui hili, mana nani kati yetu anakaribishwa chakula akavamia sahani mara ya kwanza? "Ahsanteni nimeshiba", na tumbo linaunguruma, unasubiri ukaribishwe tena na tena ndo unanawa. Tofauti ni kwamba kwetu mwenyeji anajua mchezo, anakaribisha mara tatu. Huku ukiuliza mara moja ukanyamaza, mchezo umeishia hapo, mtu kalala na njaa yake na adabu yake.

Dawa yake niliyoonyeshwa na mama mmoja wa kazini, wa hukohuko Yorkshire, kazeekea kwenye kea, ni kutouliza swali lililo wazi. Usiseme unataka nini, beba sahani mbili. Ijumaa ni siku ya samaki, unaenda na sahani ya samaki na sahani ya pai, unainama mpaka macho yako yawe usawa wa macho yake, unaziweka mbele yake zote mbili na unanyamaza. Huyo aliyesema "I don't mind" utaona jicho limekwenda wapi. Kuna babu mmoja haongei tena kwa sababu ya kiharusi, yeye anakunja pua kwa pai, basi, kashasema sentensi nzima ya "I'd rather have the fish" bila kutoa sauti.

Halafu kuna wale wanaosema kwa kukanusha. "I wouldn't say no to a cup of tea." Ukiisikia haraka unasikia "no" tu unaondoka. Kumbe anataka chai, tena anaitaka sana. Na ukisikia "I could murder a cup of tea" usiite polisi, hiyo ni hamu iliyopitiliza. Babu mwingine, dereva wa lori mstaafu, kila mtu akirudi likizo Hispania na rangi ya kamba aliyechemshwa yeye anasema "You can keep your Spain. Give me Scarborough any day." Kijana mmoja mpya siku ya kwanza akanigeukia akauliza kwa sauti ya chini, anataka tumpe nini? Hataki kupewa kitu. Scarborough ni mji wa ufukweni hukohuko Yorkshire, upepo wa baridi na ndege wa baharini wanaokupora chipsi, na babu anasema Hispania baki nayo, mimi Scarborough siku zote. Umbo la amri, maana ya kupendelea. Hii kwenye mtihani wetu haikuwemo.

Ila ya kichwa cha habari ndo kubwa lao. "I'd rather you didn't."

Mazingira yanakuwaje, unaingia chumbani, joto, unataka kufungua dirisha, unauliza kwa adabu "do you mind if I open the window?", bibi anatabasamu, anasema "well, I'd rather you didn't, dear." Tabasamu lipo, sauti laini, hajasema hapana popote. Mtu wetu anasikia "rather" anakumbuka kidato cha nne, anaona hapa tunalinganisha vitu viwili, kuna nafasi ya kujadiliana, labda nusu dirisha. Hakuna nusu dirisha. Hiyo ni hapana nzima, imefungwa na kufuli, tena ukifungua baada ya hapo umemvunjia heshima vibaya zaidi kuliko ungefungua bila kuuliza. Kadiri sauti inavyokuwa laini ndivyo mlango unavyokuwa mgumu, na akiongeza "if it's all the same to you" mwishoni, yaani kama kwako ni sawa tu, hapo ndo kabisa, weka mkono mfukoni.

Nilikuwa najiuliza kwa nini "didn't", mbona dirisha halijafunguliwa jana, tunaongelea sasa hivi. "I'd rather you came tomorrow", kesho hiyo, na kitenzi kimevaa nguo za jana. Shuleni tuliambiwa ndo kanuni, kariri. Sasa siku moja napiga simu nyumbani, ofisi fulani ya serikali, nafuatilia cheti, nikajisikia mwenyewe nikisema "samahani, nilikuwa naomba kuuliza". Nilikuwa naomba! Lini? Naomba sasa hivi, simu iko sikioni. Lakini ndo tunavyosema wote, ukiingia dukani "nilikuwa naulizia sukari", kwa mjumbe "nilikuwa na shida kidogo", shida iko palepale haijaenda popote. Tunalisukuma jambo nyuma kidogo ili lisimgonge mtu usoni. Wazungu wanafanya hichohicho na "rather you didn't", wanakisogeza nyuma kitendo chako ambacho hata hujakifanya, kionekane kama kitu cha mbali, ili wasikwambie moja kwa moja usifanye. Toka siku hiyo sijawahi kukosea kitenzi hicho na wala sijakikariri tena, nakisikia kama "nilikuwa naomba" tu.

Angalia lakini, akiongelea nafsi yake hakuna nguo za jana. "I'd rather stay in bed." Mtu mmoja, kitenzi kikavu. Akiingia mtu wa pili kwenye sentensi, wewe, au mwanae, au daktari, ndo adabu inaanza kufanya kazi na kitenzi kinarudi nyuma. Kama wewe ndo unajiamulia ya kwako humwogopi mtu.

Na sasa niseme la "had better" kwa sababu limeshaumiza watu. Tulifundishwa "had better" ni afadhali, "would rather" ni afadhali, kwa Kiswahili zote zinatoka kwenye mdomo uleule, "afadhali umeze dawa baba", "afadhali nimeze kesho". Kwenye karatasi zote mbili unaweza kuzifupisha zikawa "'d" na ukadhani ni ndugu. Dada mmoja wa Kenya, mchapakazi kupita sisi wote, kampelekea babu vidonge vya asubuhi, babu anasuasua, dada kwa upendo kabisa akamwambia "you had better take them". Babu akaweka glasi chini. Akamtazama. "Or what?"

Nisipomeza utanifanya nini. Ikabidi aitwe kiongozi wa shifti, maelezo yakaandikwa, dada analia jikoni hajui kosa lake ni lipi, mana kichwani mwake kasema afadhali umeze babu, neno la huruma. Masikioni mwa Mwingereza "you'd better" ina kivuli cha onyo nyuma yake, fanya hivi la sivyo. Mama anamwambia mtoto, polisi anamwambia mlevi, humwambii mtu mzima aliyekuzidi miaka hamsini. Angesema "I'd rather you took them now" ingekuwa ombi, na babu angeona nguvu bado ziko kwake. Wanaoandaa hayo mafunzo ya wiki ya kwanza wanatufundisha kunyanyua mtu bila kuumiza mgongo, kunawa mikono, moto ukitokea tutokee wapi, ila hili hakuna anayelifundisha, na kesi za namna hii nimeziona zaidi ya kesi za moto.

Kuna na nyingine wanaitumia wenyeji wenyewe na mimi siipendi, "wouldn't you rather". "Wouldn't you rather have your cardigan on?" "Wouldn't you rather sit with the others?" Inajifanya swali, inajifanya inakupa uhuru, kumbe jibu ameshalichagua muulizaji. Binti wa mzee akija Jumapili ndo zake, "wouldn't you rather watch something nice, Dad?", na baba yake anaangalia mbio za farasi ametulia zake. Huyo babu alikuwa na jibu moja tu kwa wote, bila kugeuza shingo, "No. I wouldn't." Nilimpenda sana.

Kwenye mafaili nako kuna mtego wake. Faili linasema "prefers a bath to a shower". "Prefers", mazoea, tabia ya mtu, aliulizwa siku aliyoingia miaka ile na mwanae ndo alijibu. Asubuhi unamwandalia beseni, yeye anakwambia "I'd prefer a shower today". Herufi moja na kinukta cha juu, "I prefer" na "I'd prefer", ukiwa na haraka hata huisikii hiyo "d", lakini ya kwanza ni ya maisha yake na ya pili ni ya leo. Nimeona wenzangu wanabishana na mzee kwa kutumia faili, "lakini imeandikwa unapenda beseni". Faili halina ngozi bwana. Leo goti linauma, leo anaona baridi, leo hataki tu. Ya leo ndo inashinda, unaandika kwenye taarifa ya siku na ukiona imerudia mara nyingi unaomba faili libadilishwe.

Na hilo la "to" badala ya "than" kwenye "prefer", ambalo lilitutesa wote, alikuja kunieleza babu wa ghorofa ya juu, mwalimu wa Kiingereza mstaafu. Huyu ni mtu ambaye menyu ya wiki ikibandikwa ukutani anaishukia na penseli, kuna siku mpishi kaandika "resident's preference's", mzee kazikata hizo apostrofi zote mbili, moja kaihamishia mahali pake, halafu akaandika pembeni "see me". Akanambia "prefer" asili yake Kilatini, kubeba mbele, kutanguliza, kwahiyo unatanguliza chai mbele ya kahawa, hakuna mashindano ya kupimana hapo, ndo maana "than" haiingii. Kutanguliza! Angenifundisha huyu kidato cha pili.

"Rather" nayo akasema zamani ilikuwa na maana ya mapema zaidi, haraka zaidi, inatokana na neno lao la kale "rathe" ambalo siku hizi halitumiki, na ndo maana wazee wa kaskazini bado wanasema "I'd sooner". "I'd sooner have a biscuit." Mwanzoni nilikuwa nadhani anataka biskuti haraka. Wala, anataka biskuti kuliko hicho ulichombebea. Nikamuuliza na hiyo "'d" ni "would" au "had"? Akacheka, akasema leo ni "would", zamani ilikuwa "had", akanitolea mstari wa Zaburi ya 84 kutoka Biblia yao ya 1611, "I had rather be a doorkeeper in the house of my God". Mi mstari huo naujua tangu Sunday school, nikamjibu kwa Kiswahili, ningependa kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wangu kuliko kukaa katika hema za uovu. Akanirudisha kwenye "bawabu" mpaka akaitamka sawasawa. Basi kuanzia siku hiyo akinisikia kwenye korido ananiita bawabu, na wenzangu hawajui kwa nini.

Mpaka hapo ni mambo ya chai na madirisha, lakini haya maneno yanabeba mizigo mikubwa pia. Mzee kuhamia kwenye nyumba kama yetu mara nyingi maana yake nyumba yake imeuzwa, mana huduma ni ghali na ukiwa na akiba na mali ya kutosha unajilipia mwenyewe. Kuna bibi alikuwa anakaa dirishani, mtulivu, hana lawama na mtu. Siku moja namchana nywele akasema "I'd rather have stayed in my own house, if I'm honest." Kimya kidogo. "I'd rather they hadn't sold it. But there we are." Sikiliza hizo sentensi vizuri. "I'd rather have stayed", hii imeshapita, haibadiliki, hapendelei kitu anachoweza kupewa, anapendelea maisha mengine ambayo hayapo tena. "If I'm honest" ukiisikia kwa Mwingereza acha unachofanya, mana ndo ukweli unatoka sasa na hautatoka mara mbili. Na "but there we are" ni kufunga mlango, ndo hivyo tena, usinifariji. Mi nilitaka kumfariji kwa mtindo wetu, pole bibi, Mungu yupo, huku unaangaliwa vizuri. Nikaendelea kuchana. Baadaye kidogo nikamuuliza kwenye hiyo nyumba jua lilikuwa linaingia upande gani, tukaongea bustani mpaka chakula cha mchana.

Kuna fomu moja huku inaitwa ReSPECT, inajazwa na daktari au nesi pamoja na mhusika au familia yake, inasema ikitokea dharura mtu huyu angetaka afanyiwe nini. Ndani yake kuna sehemu ya kuonyesha lipi lina uzito zaidi kwako, upande mmoja kuishi muda mrefu iwezekanavyo, upande mwingine ubora wa maisha na kutulia bila maumivu. Kwetu mtu akianzisha mazungumzo hayo na mzee wake wataona anamwombea kifo. Huku wanayafanya mchana kweupe, na bado hawayasemi moja kwa moja! Nilikuwepo chumbani bibi mmoja alipoulizwa, alipenda niwepo. Daktari kijana, naye wa kuja kama mimi, kauliza kwa upole ikitokea hali imebadilika ghafla ungependa upelekwe hospitali? Bibi akasema "I'd rather not be messed about with. I'd just as soon stop here." Ya kwanza ni kwamba asingependa kuhangaishwahangaishwa, ya pili ndo ilileta shida.

Nikamwona daktari kalamu imesimama. "Stop", nadhani alikuwa anapima, anataka dawa zisimamishwe au vipi. Nikamwomba bibi ruhusa nikasema huku "stop" wanamaanisha kubaki, anasema angependa abaki hapahapa. Bibi akaitikia kwa kichwa, "that's what I said." Na hiyo "just as soon" nayo, kwa maneno ni kama anasema kwangu yote sawa tu, kwenda ni sawa na kubaki ni sawa. Kwa mtu wa Yorkshire wa umri ule hiyo ni kauli iliyokwisha kukatwa. Daktari akamuuliza tena kwa maneno mengine, kitu ambacho nilikiheshimu, akapata jibu lilelile, akaandika.

Vijana wa kazini wenyewe "rather" wanaichezea. Saa ya mapumziko mchezo wao ni "would you rather", ungechagua kupigana na bata mmoja mkubwa kama farasi au farasi mia wadogo kama bata, na hauruhusiwi kusema hakuna, lazima uchague na ujitetee. Mi huwa nachukua bata mmoja, mtu umekulia Muheza bata humwogopi. Nilichokiona kwenye mchezo huo ni kwamba watu haohao ambao kwenye chai hawataki kusema wanapenda ipi, kwenye bata wanagombana mpaka mapumziko yanaisha. Kumbe kupendelea wanakujua sana, ili mradi kusiwe na mtu atakayesumbuka kuwatimizia.

Ila wa kumwogopa ni meneja mwenye simu. Alhamisi jioni inaingia meseji, "Any chance you could cover Saturday? I'd rather not use agency." Sentensi ya pili hiyo hainihusu kisarufi, anasema yeye asingependa kuita watu wa ejensi, wale wa kukodi kwa siku, kwa sababu wanalipiwa ghali, lakini we unajua kabisa imekuja kufanya kazi gani. Nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Ukisema "I can't" ataulizia kwa nini. Ukisema "I don't want to" umekuwa mkorofi. Nikampiga na ya kwao, "I'd rather do Sunday, if it's all the same to you", na nikajiona leo nimeiva.

Jibu likaja hapohapo na ka-emoji ka kutabasamu. "Sunday's all covered, lovely, thank you! I'd really rather it was Saturday."

"Was". Jumamosi yenyewe bado haijafika. Nikaseti alarm ya saa kumi na moja na nusu.